"Adapta ya Wi-Fi haikupatikana": uhakiki wa sentensi moja

Leo sihakiki kitabu wala makala ya utafiti. Nahakiki sentensi moja, na ukimaliza kusoma nadhani utakubali kwamba ilistahili.

Sentensi yenyewe ipo kwenye mipangilio ya GNOME, ile sura ya skrini inayotumiwa na Ubuntu, Fedora, Debian na ndugu zao wengi. Umesakinisha Linux, kila kitu kimeenda vizuri, picha inang'aa, sauti inatoka. Unafungua ukurasa wa Wi-Fi ili uingie mtandaoni, unakutana na maneno ya Kiingereza ambayo kwa lugha yetu ni haya: adapta ya Wi-Fi haikupatikana, hakikisha una adapta iliyochomekwa na kuwashwa.

Basi. Hakuna jina la kadi, hakuna sababu, hakuna hatua ya pili.

Hoja yangu ni fupi. Mara nyingi sentensi hii si kweli. Kompyuta inayoionyesha inaujua ukweli, ila imeuandika mahali pengine ambapo mgeni hawezi kufika. Na gharama ya uongo huo haimwangukii aliyeandika sentensi, inamwangukia mtu aliye mbali na waya wa intaneti. Nilijifunza hilo nikiwa nyumbani.

Manyovu, mwezi wa saba

Manyovu iko juu milimani, pale Wilaya ya Buhigwe inapopakana na Burundi, na mwezi wa saba asubuhi hutoki nje bila sweta. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alikuwa amemaliza Kidato cha Sita na anajiandaa kuomba chuo na mkopo. Siku hizi vyote viwili vinaombwa mtandaoni. Baba mdogo alikuwa ameuza maharage akamnunulia kompyuta mpakato iliyotumika. Ilikuwa na Windows ya kuchakachua, nzito, kila ukifungua kitu inaleta tangazo. Mimi, msomi wa familia, nikasema: "Nipe flashi na nusu saa."

Nusu saa ilitosha kweli. Mashine ikawa nyepesi, ikawaka kwa sekunde chache. Kasoro moja tu: Wi-Fi hakuna. Nikawasha hotspoti ya simu, nikaiweka simu juu ya kibodi kabisa. Wapi. Skrini ikanipa ujumbe wa namna ileile: adapta haipo.

Mdogo wangu akauliza, "Kaka, jana si ilikuwepo?"

Kiukweli hilo lilikuwa swali la kisayansi kuliko yote niliyosikia siku ile. Jana ilikuwepo. Hakuna aliyefungua mashine, skrubu zote ziko mahali pake. Itakuwaje leo haipo? Mtu aliyefikiri kidogo angeona papo hapo kwamba ujumbe wa skrini hauwezi kuwa kweli. Mimi sikufikiri. Nilianza kutafuta kwenye simu, nikizidi kumaliza bando.

Baba mdogo hakuwa na muda wa nadharia. "Sasa umeiua?" Na alikuwa tayari kesho yake aipeleke Kasulu kwa fundi apige Windows tena, nauli juu yake na hela ya ufundi juu yake.

Kadi ile ilitengenezwa na nani, na nilisakinisha Linux ya aina gani, sitaji, kwa sababu yaliyotupata sisi yanawapata watu wenye mashine za kila aina. Ninachotaka uone ni kilichokuwa hatarini. Hakikuwa kadi. Ni imani ya familia moja kwamba programu huru ni kitu wanachoweza kukitumia wao pia, siyo mchezo wa watu wa chuo. Imani hiyo ilikuwa inakatwa na sentensi isiyo kweli.

Homa moja, magonjwa mengi

Mtu yeyote aliyekulia Kigoma anaijua malaria. Zamani ukifika zahanati na homa, unaandikiwa dawa ya malaria na safari imeisha. Siku hizi unatobolewa kidole kwanza, kipimo cha haraka kinasomwa, ndipo unapewa dawa mseto au unatafutiwa ugonjwa mwingine. Homa ni dalili tu, na dalili moja huletwa na magonjwa mengi.

"Wi-Fi haionekani" ni homa. Nyuma yake kuna angalau magonjwa sita, na kila moja lina kipimo chake. Vipimo karibu vyote vinafanyika bila intaneti, kwa zana ambazo kwa kawaida zimo tayari ndani ya mfumo uliousakinisha. Fungua terminali, twende moja moja.

*La kwanza: imezimwa.* Mashine nyingi za zamani zina swichi ya pembeni au kitufe cha kibodi kinachozima redio. Andika `rfkill list`. Ukiona neno la kuonyesha kwamba imefungwa "soft", programu ndiyo iliyozima na `rfkill unblock wifi` inafungua. Ikiwa ni "hard", tafuta swichi kwa kidole. Huu ndio ugonjwa pekee ambao ile sentensi ya GNOME inautibu.

*La pili: kadi haionwi kabisa.* Andika `lspci -nnk` kwa kadi ya ndani, au `lsusb` kwa kadi ya kuchomeka. Usipoiona kwenye orodha yoyote, hapo kweli kuna shida ya kifaa au ya mipangilio ya BIOS. Hapo tu ndipo maneno "haikupatikana" yanakuwa ya haki.

*La tatu: kadi ipo, draiva haipo.* Katika majibu ya `lspci -nnk`, chini ya jina la kadi kunatakiwa kuwe na mstari unaotaja draiva inayotumika. Mstari huo ukikosekana, keneli imeiona kadi ila haijui kuiendesha. Huwapata sana wenye kadi mpya kuliko mfumo wao. Kwa mfano, kadi ya Realtek aina ya RTL8821CE iliuzwa ndani ya mashine nyingi za bei nafuu kabla Linux haijapata draiva yake ndani ya keneli yenyewe, toleo la 5.9 la mwaka 2020.

*La nne: draiva ipo, femwea haipo.* Hili ndilo nitalizungumzia kwa urefu, kwa hiyo subiri kidogo.

*La tano: draiva imejengwa lakini imekataliwa mlangoni.* Ulinzi uitwao Secure Boot hauruhusu keneli kupokea draiva isiyo na saini inayotambulika. Draiva unazojijengea mwenyewe mara nyingi hukwama hapo hadi usajili ufunguo wake wakati wa kuwasha mashine, au uzime ulinzi huo.

*La sita: kila kitu kipo, ila mashine haisikii.* Kadi ya Realtek RTL8723BE ni mfano unaojulikana. Baadhi ya mashine zilitoka kiwandani na antena moja tu, na draiva ikawa inasikiliza kwenye tundu la antena lisilo na waya. Unaona mtandao ukiwa umekaa juu ya ruta, ukisogea hatua tatu umepotea. Tiba ni kuiambia draiva itumie antena nyingine, kwa kigezo kiitwacho `ant_sel`.

Sasa rudi kwenye sentensi yetu uisome tena. Magonjwa sita, jibu moja: hakikisha imechomekwa. Kwenye kompyuta mpakato kadi iko chini ya mfuniko, imefungwa kwa skrubu. Ushauri huo, ukimwangukia mtu jasiri mwenye bisibisi, unaweza kuzaa ugonjwa wa saba.

Kadi inayosahau

Femwea ni nini hasa? Kadi ya Wi-Fi si kipande cha waya chenye antena. Ni kompyuta ndogo yenye kichakataji chake na kumbukumbu yake, kazi yake kupanga lini itume, lini inyamaze, na irudie vipi pakiti iliyopotea hewani. Maamuzi hayo yanafanywa kwa kasi ambayo keneli haiwezi kuyasimamia moja kwa moja. Kwa hiyo kadi inahitaji programu yake yenyewe ya ndani, na hiyo ndiyo femwea.

Kuna kadi ambazo femwea yake imechomwa humohumo kiwandani. Lakini nyingi hupunguziwa gharama: hazina pa kuitunza. Ukizima umeme zinasahau kila kitu, kama redio ya zamani inayosahau saa na stesheni ukitoa betri. Kila mashine inapowaka, draiva huchukua faili la femwea kutoka kwenye diski, kwa kawaida kwenye folda ya `/lib/firmware`, na kuipakia kadi. Faili likikosekana, kadi inakaa kimya. Ina umeme, ina antena, ina dereva, ila haina akili.

Windows ilikuwa na faili hilo, maana liliwekwa pamoja na draiva ya mtengenezaji. Nilipofuta Windows nilifuta na nakala pekee ya femwea iliyokuwa ndani ya nyumba ile. Swali la mdogo wangu lilijibika hivyo: jana ilikuwepo kwa sababu jana akili yake ilikuwa kwenye diski.

Na kompyuta ilijua. Nilipokuja kuandika `sudo dmesg | grep -i firmware`, saa ya tatu, nilikuta keneli imeandika jina la faili inalolihitaji, herufi kwa herufi, na kwamba jaribio limeshindwa kwa kosa namba -2. Katika Linux namba 2 maana yake ni "faili hilo halipo". Utambuzi kamili wa ugonjwa ulikuwa umekaa pale tangu mashine ilipowaka, wakati sebuleni ya skrini inasema adapta haikupatikana.

Kosa hili linaelezeka. Ukurasa wa Wi-Fi wa GNOME hauongei na keneli moja kwa moja. Unauliza programu ya katikati inayoitwa NetworkManager: una kifaa chochote cha Wi-Fi? Kadi isiyo na femwea mara nyingi haifiki hata kwenye orodha hiyo, kwa hiyo jibu ni hapana. Ukurasa ungesema "sijaletewa kifaa cha Wi-Fi", ungekuwa mkweli. Badala yake unasema hakikupatikana, kisha unamtuma mtumiaji akakague plagi. "Sijaona" imegeuzwa "hakuna". Sisi wa sayansi tunafundishwa kosa hilo mwaka wa kwanza.

Usiniambie haliwezekani kufanywa vizuri zaidi. Ile programu ndogo ya zamani ya NetworkManager inayokaa kwenye kona ya skrini ina ujumbe wake wa kusema kifaa hakiko tayari kwa kuwa femwea inakosekana. Maneno machache tu, na ni ya kweli pale yanapotokea. Mtu akiyasoma anajua atafute nini.

Mtumbwi uko ng'ambo

Kuna ujumbe mwingine mkweli zaidi, na kwa ukweli wake unauma kuliko ule wa uongo. Ni wa draiva iitwayo b43.

Historia yake ni ya kishujaa. Broadcom walikuwa wameuza kadi nyingi sana bila kutoa nyaraka wala draiva huria kwa Linux. Kikundi cha watu wa kujitolea wakachambua draiva iliyokuwepo mstari kwa mstari: upande mmoja ulisoma na kuandika maelezo ya jinsi kadi inavyofanya kazi, upande mwingine ukaandika draiva mpya kwa kufuata maelezo hayo tu, ili asiwepo wa kudai imenakiliwa. Draiva ya kwanza, bcm43xx, iliingia kwenye keneli mwaka 2006, na b43 ikafuata mwaka 2008. Kwangu hiyo ni kazi ya kisayansi isiyo na mfano wa karibu: kujua ndani ya kisanduku kwa kutazama nje yake.

Lakini femwea hawakuwa na ruhusa ya kuisambaza. Kwa hiyo kadi isipoipata, b43 huandika kwenye kumbukumbu za mfumo kwamba faili fulani halipo, na kwamba ni lazima uende kwenye tovuti fulani ukalipakue, na usome maelekezo yote ya tovuti hiyo kwa makini.

Soma tena. Kompyuta isiyo na intaneti inamwambia mwenyewe aende kwenye intaneti akachukue kitu kitakachoipa intaneti. Ni sawa na kumwambia aliyekwama ukingoni mwa Malagarasi kwamba mtumbwi upo, uko ng'ambo, avuke akauchukue.

Utasema, si nitabeba kifurushi kwenye flashi? Jaribu. Kifurushi kinachoitwa `firmware-b43-installer` hakina femwea ndani yake. Ni programu inayoingia mtandaoni, inashusha draiva ya Broadcom na kuikata femwea kutoka humo. Unaweza kukipakua kwenye kafe Kasulu, ukapanda nacho hadi Manyovu, ukakifungua, kikakuuliza intaneti iko wapi.

Kwa kadi nyingi za zamani za Broadcom kuna njia ya pili ambayo watu hawaijui: matoleo mengi ya Ubuntu yamebeba kifurushi cha `bcmwl-kernel-source` ndani ya flashi ileile ya kusakinishia, kwenye folda ya `pool/restricted`. Kipo mkononi mwako. Hakuna anayekwambia.

Kwa haki niseme pia yaliyofuata. Mwezi wa tisa mwaka 2010 Broadcom walitoa draiva huria kwa kadi zao mpya za wakati ule, pamoja na femwea inayoruhusiwa kusambazwa. Na Chuo Kikuu cha Brescia, Italia, kilitoa OpenFWWF, femwea huria kabisa inayofanya kazi kwenye baadhi ya kadi za b43. Kumbe kazi ya namna hii inaweza kutoka chuoni.

Usafi una bei, na kuna anayeilipa

Debian ndio wanaostahili uhakiki mgumu zaidi, kwa sababu wao walichagua kwa kufikiri, siyo kwa uzembe.

Mwezi wa pili mwaka 2011 walipotoa Debian 6.0, waliondoa kwenye keneli femwea zote zisizo huru. Sababu yao ina uzito: programu ambayo huwezi kuisoma huwezi kuirekebisha, wala huwezi kujua inafanya nini na data yako. Na kisakinishi chao kilikuwa na adabu kuliko ile sentensi ya GNOME. Kilikutajia majina ya mafaili yanayokosekana na kukuomba uyalete kwa flashi.

Shida ni kwamba kanuni ile haikupima kile ilichodai kupima. Kadi yenye femwea iliyochomwa kiwandani ilipita bila neno, ingawa nayo inaendesha programu ya siri ileile. Kadi inayopakiwa kutoka kwenye diski ndiyo ilizuiwa. Tofauti haikuwa uhuru wa mtumiaji, ilikuwa ni nani anayebeba faili. Mikono ya msambazaji ilibaki safi.

Na nani alilipa? Siyo mtu wa maabara yenye waya wa intaneti ukutani. Yeye alichomeka waya, akashusha vifurushi vya femwea, akaendelea na chai. Aliyelipa ni yule ambaye intaneti yake yote ni simu na bando. Kanuni ya uhuru ikawa mzigo mkubwa zaidi kwa wale iliyotakiwa kuwanufaisha zaidi.

Debian wenyewe waliliona. Mwaka 2022 wanachama walipiga kura kuruhusu femwea hizo kwenye kisakinishi rasmi, na Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ilikuwa ya kwanza kuja nazo. Ilichukua miaka 12. Napenda kwamba uamuzi ulifanyika kwa kura ya wazi. Ila ukitumia flashi ya zamani iliyonakiliwa toka kwa rafiki, kama tunavyofanya wengi, bado unaishi katika miaka hiyo 12.

Jibu lilikuwa mfukoni

Miongozo mingi ya mtandaoni ina ugonjwa uleule wa Malagarasi. Amri ya kwanza ni `sudo apt update`. Ya pili ni `sudo apt install` kitu fulani. Wakikumbuka kwamba huna mtandao wanasema: tumia waya wa ruta. Ruta ipi, Manyovu?

Tiba ilikuwa kwenye simu. Simu ya Android ukiiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB, kisha ukaingia kwenye mipangilio ya hotspoti ukawasha kusambaza intaneti kwa USB, Linux inaiona kama kadi ya mtandao wa waya. Haihitaji femwea, kwa sababu kazi yote ya redio inafanywa na simu. Kompyuta inaongea na waya tu, kwa lugha ambayo keneli inaijua siku nyingi. Hakikisha waya unapitisha data, siyo ule wa kuchajia peke yake.

Hilo lingeandikwa kwenye ukurasa wa Wi-Fi, saa zangu tatu zingekuwa dakika tano. Lakini na lenyewe lina mitego yake kwa mtu wa mpakani, kwa hiyo yashike haya.

Kwanza, kabla hujawasha, ingia kwenye mipangilio ya simu uchague mtandao wako kwa mkono. Milimani kule simu inaweza kudaka mnara wa Burundi, na data ya ugenini haina huruma na salio.

Pili, Linux ikiona waya inaweza kudhani uko ofisini, ikaanza kushusha masasisho. Fungua mipangilio ya muunganisho huo uuweke kama wenye kikomo cha data. Kwa amri ni `nmcli connection modify`, jina la muunganisho, kisha `connection.metered yes`. Fanya hivyo mapema iwezekanavyo.

Tatu, usishushe kifurushi kizima cha `linux-firmware` kama bando ni dogo. Kwenye Ubuntu za karibuni ni mamia ya megabaiti. `dmesg` imeshakutajia jina la faili moja unalolihitaji. Litafute kwa simu kwenye hazina rasmi ya linux-firmware ya kernel.org, mara nyingi ni megabaiti moja au mbili, linakili kwenye `/lib/firmware`, washa mashine upya. Angalia tu kama jina lina folda ndani yake, mfano `rtw88/`, ulihifadhi kwenye folda hiyohiyo.

Nne, unapotafuta msaada usitafute kwa jina la mashine. Mashine mbili za jina moja zinaweza kuwa na kadi tofauti. Tafuta kwa namba iliyo kwenye mabano ya `lspci -nnk`, kwa mfano `14e4:4315`. Nusu ya kwanza ni mtengenezaji: 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek, 8086 ni Intel, waliojipa namba ya kichakataji chao cha mwaka 1978. Nusu ya pili ni kadi yenyewe. Namba hiyo ndiyo kipimo cha damu. Jina la mashine ni homa.

Na la tano nalisema kwa aibu. Flashi ya Ubuntu, kama zilivyo nyingine nyingi, inakuruhusu kuujaribu mfumo kabla ya kufuta chochote. Ningeujaribu kwanza, ningeona Wi-Fi haipo wakati Windows bado ipo na intaneti bado ipo. Sikujaribu. Sentensi ilidanganya, lakini haraka ilikuwa yangu.

Na sisi je?

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na Wasweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa hatua kubwa, na maneno kama "hifadhi" na "hariri" tunayoyaona kwenye skrini leo yana deni kwa watu wa aina hiyo.

Lakini angalia tunachotafsiri. Tunatafsiri menyu, maana menyu ndiyo inayoonekana siku ya uzinduzi. Ujumbe wa makosa tunauacha, na ndio mtu anausoma akiwa peke yake, usiku, mashine imekwama. Hata tukiutafsiri, kutafsiri hakutoshi. "Adapta ya Wi-Fi haikupatikana" kwa Kiswahili sanifu bado ni uongo, ila sasa umefika kwa lugha ya mama. Kinachotakiwa ni kuuandika upya, na aandike mtu anayejua mtumiaji yuko wapi na ana nini mfukoni.

Mimi ningeandika hivi:

*Kadi ya Wi-Fi ipo, lakini faili lake la femwea halipo kwenye mashine hii. Jina la faili: (hapa). Namba ya kadi: (hapa). Ukiwa na simu, iunganishe kwa waya wa USB na usambaze intaneti, kisha bonyeza hapa.*

Ni sentensi nne, na sehemu kubwa ya taarifa zake keneli inazo tayari. GNOME ni programu huria. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote kupendekeza mabadiliko, na tafsiri zake pia. Kwa mwanafunzi wa kompyuta anayetafuta mradi wa mwisho wa shahada, mradi huu unapimika kirahisi: mpe mashine isiyo na femwea mtu asiyejua Linux, hesabu dakika.

Ya kwetu iliisha saa nne usiku. Mdogo wangu alijaza fomu kwenye mashine ile, Wi-Fi ikiwa inafanya kazi. Baba mdogo alikuja akasimama mlangoni, akatazama skrini, akauliza kama bado kuna haja ya kwenda Kasulu. Tukamwambia hapana. Akasema nauli ile basi inunue bando.